Mguu Juu ya Klachi

Gongo la Mboto,
Jumamosi jioni

Mwanangu Seifu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Mchana umekula wali wa nazi sahani mbili, ukajilaza kwenye mkeka, ukakoroma kumshinda baba yako. Sasa umekwenda Tandale kuwaaga shangazi zako, nao hawatakuachia upesi, kila mmoja atataka ule kwake. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, ubao wa kukatia mboga nimeuweka magotini, naandika. Usiyacheke maandishi yangu. Nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima pale shuleni kwenu, wewe na wenzako mkipita dirishani kunichungulia.

Sitakuandikia habari za kufunga chandarua wala kuchemsha maji, wala watu gani wa kukaa nao huko Tabora. Hayo shangazi zako wanayasema sasa hivi, tena kwa kupokezana. Mimi nina jambo moja, nalo limenikaa kooni tangu asubuhi.

Asubuhi ulisimama karibu na Landrova, ukaweka mkono juu ya boneti, ukaniuliza, "Mama, gari liko sawa?" Ulikwisha kutuapia, mimi na baba yako, kwamba gari likiwa bovu huendi chuo cha ualimu. Utabaki hapa, ubebe magunia sokoni mpaka mambo yakae vizuri. Nikakujibu, "Liko sawa, baba, wewe funga mizigo yako." Ukaridhika, ukaenda kunyoa nywele.

Nilikudanganya. Klachi imeanza kuteleza tena.

Ningeweza kuishia hapo, karatasi moja ikatosha. Lakini ukijua hilo peke yake utafungua mizigo, na hutajua kwa nini nilikudanganya wala kwa nini nimebadili nia. Inabidi nikurudishe nyuma, kwenye mambo ambayo mengine uliyaona ukiwa juu ya magogo nyuma ya gari, na mengine tulikuficha, mimi na baba yako, kwa kudhani tunakuhurumia.

Gari lile lilikuja kwa milango ya kanisa. Hadithi unaijua, lakini baba yako huitia chumvi, acha niisimulie mimi. Mapadri wa misheni moja nje ya mji walitaka milango ya kuchongwa, wakamsikia Mmakonde mmoja wa Gongo la Mboto. Baba yako, Mwislamu anayeswali akikumbushwa, akawachongea watakatifu wote waliowataka, kila mmoja na pua ya watu wa Newala. Mapadri wakafurahi. Fedha hawakuwa nazo, wakampa Landrova yao kuukuu. Alirudi nayo akipiga honi kuanzia Ukonga, majirani wakatoka wakidhani ni harusi.

Tangu siku hiyo gari likawa la mtaa. Akina mama wajawazito, wagonjwa, maiti, mabibi harusi wa kupelekwa kwa mume, wote walipita humo, na hatukumkataa mtu. Lakini kazi iliyotulisha ilikuwa magogo. Baba yako alikuwa akipita Pugu mpaka mbele ya Kisarawe, anapakia mpingo, anawaletea wachongaji wenzake. Siku nyingine alishusha mkaa na machungwa Tandale. Unajua mpingo ulivyo mzito. Kigogo cha urefu wa mtoto wa kutambaa kinawatoa jasho wanaume wawili.

Halafu kibanzi kikamwingia jicho la kushoto. Hilo unalikumbuka. La kulia likaanza kuingia mtoto wa jicho polepole, na hilo hukuliona kwa sababu sisi wawili tulilificha. Yeye aliwaficha watu, mimi nikamficha yeye. Maana niliona kwenye vinyago kabla hajasema neno. Kuna yule binti aliyebeba mtungi, sikio moja lilikuwa limepanda juu ya jingine. Baba yako alinionyesha akiwa na ile furaha yake ya siku ya kumaliza kazi, akauliza, "Unamwonaje?" Nikasema, "Mzuri mno, utadhani atasema." Ningesema nini? Mchongaji ukimwambia macho yamekwisha, umembakizia nini?

Vinyago vikaanza kurudi kutoka dukani. Nikamwambia wageni wamepungua mjini. Wageni hawakupungua hata kidogo.

Siku alipoingiza gari kwenye ua wa Bi Mwanahawa akaangusha choo chake cha makuti, ikawa hakuna tena wa kumficha mwenzake. Bi Mwanahawa hakuwa ndani, tumshukuru Mungu, ingawa alivyolia ungedhani alikuwamo. Jioni ile baba yako alinipa funguo. Alinitilia mkononi tu, akaenda kutawadha. Kesho yake akaanza kunifundisha kuendesha.

Wanawake waliokuwa wakiendesha magari upande wetu huu nisingeweza kukutajia hata mmoja. Watoto walinikimbilia nyuma wakiimba "Mama Dereva," na wanaume wa kwenye bao walinyanyuka kila nilipopita, wakijifanya wanakimbilia mitaroni. Ilinichoma, mwanangu, japo nilikuwa nikiwacheka. Wewe ulikuwa ukiona fahari. Ulikuwa ukikaa pale nyuma juu ya magogo ukiwapungia.

Na petroli siku hizo ilikuwa ya kuvizia. Unakesha kwenye foleni, ikifika zamu yako pampu imekauka. Jumapili mchana magari yalikatazwa kabisa kutembea. Basi kila dereva wa barabara ya Pugu alikuwa na ujanja wake wa kubana, na baba yako akanifundisha wa kwake. Ukifika kileleni, kanyaga klachi, liache gari lishuke lenyewe, injini ikinguruma taratibu. Kila mteremko alikuwa akiniambia, "Kanyaga, kanyaga, akiba haiozi." Nami nikakanyaga. Hendibreki ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo nikisimama kwenye mwinuko kumpakia mtu, nililishikilia gari hapo hapo kwa kuiachia klachi nusu, likawa linatetemeka halipandi wala halirudi. Nilijiona fundi kwelikweli.

Lakini nikueleze na lile nisilowahi kumweleza mtu. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kila safari, tangu nikiwasha mpaka nikizima. Woga wangu ulikaa kwenye mguu wa kushoto. Nilikuwa naendesha pekupeku, na kila nilipoigusa ile pedeli kwa unyayo nilijiona nina pa kukimbilia, kwamba likitokea la kutokea nitakanyaga na gari litanitii. Kwa hiyo mguu haukutoka pale, si kwenye mlima wala kwenye tambarare, wala wakati nikisimulia habari na kucheka.

Klachi wewe unaijua, lakini acha nieleze, maana mimi nilichelewa kuijua na sasa naona raha kuijua. Kuna sahani kati ya injini na magurudumu. Ukiondoa mguu, sahani na injini vinashikana, gari linavutwa. Ukikanyaga mpaka chini, vinaachana. Ukiweka mguu nusu, havishikani wala haviachani. Vinasuguana tu, na kinacholika ni ile sahani.

Ya kwanza haikumaliza masika. Ya pili tukaifunga, mfungo wa Ramadhani haujaisha nayo imekwisha. Ya tatu ilitafutwa na mjomba wako wa bandarini kwa kubembeleza watu, nayo ndiyo iliyotuacha mlima wa Pugu. Siku ile huwezi kuwa umeisahau. Magogo yamejaa, wewe juu yake, baba yako pembeni yangu. Injini ikapiga kelele kama inakimbia, gari halipandi. Ikaja ile harufu ya kuungua, kisha tukaanza kurudi nyuma, breki nimeisahau kwa hofu. Kwenye kioo nikakuona umeruka chini, umekumbatia kipande cha gogo, umeinama kulitia nyuma ya gurudumu. Gari likaligonga, likasimama. Kama lisingesimama, Seifu, leo ningekuwa namwandikia nani? Niliposhuka nilikuzaba kofi kwanza, ndipo nikakukumbatia. Kwa kofi lile sijakuomba radhi, naomba leo.

Hofu ile ikageuka hasira, na hasira ikatafuta mtu. Ikampata Mzee Kibwana.

Wewe ulimpenda Kibwana. Shule ikifungwa ulishinda kwenye kile kibanda chake cha mabati karibu na reli, unarudi na grisi mpaka masikioni. Yeye ndiye aliyefunga sahani zote zile. Nikasema ni mwizi, anachukua mpya anaziuza, sisi anatufungia zilizochakaa. Nilisema kisimani, nikasema dukani, mwisho nikampeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Siku ya baraza wewe ulikuwa shule, ndiyo maana hulijui hili.

Balozi akauliza, "Mama Seifu, una ushahidi gani?"

"Ushahidi ni gari lenyewe, balozi. Kwa mapadri lilikaa na klachi moja mpaka wakaisahau. Iweje kwetu ziishe kama sukari ya mgao?"

Kibwana alikuwa amekaa kwenye mkeka, kofia yake mkononi. Akasema kwa upole, "Mie nilizoweka ni mpya, mama, na karatasi zake mlizifungua wenyewe. Mie nilikuwa naomba tutazame na uendeshaji."

Watu wakacheka. Wale wale wa kwenye bao. Nikasimama na kanga yangu, nikamwambia, "Uendeshaji! Kwa kuwa mie mwanamke, siyo? Wanaume wangapi umewafungia klachi ukawaambia habari za uendeshaji?" Wanawake wote wakaguna upande wangu, Bi Mwanahawa mbele yao, ameshasahau choo. Na tazama nilichokifanya, mwanangu. Kucheka kwao kulikuwa kubaya kweli, nami nilikuwa na haki ya kukasirika. Nikaichukua ile haki yangu nikamfunika nayo mtu asiye na kosa.

Balozi akamgeukia baba yako. "Mzee, wewe ndiye unayekaa pembeni yake kila safari. Unasemaje?"

Baba yako akawa anasugua kidole gumba kwenye fimbo yake. Kisha akasema, "Mie macho sina, balozi. Nitakuwa nimeona nini?"

Ikaamuliwa Kibwana afunge sahani nyingine kwa gharama yake. Akaifunga. Lakini jina la mtu likishachafuka kwa balozi, mtaa unamalizia wenyewe. Wateja wakaanza kumpita, na haikupita muda kibanda kikafungwa. Ulituuliza Mzee Kibwana kaenda wapi, tukakwambia kafuata ndugu zake Kibamba. Ukanuna wiki nzima. Hakuwa na ndugu Kibamba.

Siku ile ile habari za kuhama kwake zilipotufikia, baba yako alisukuma sahani ya ugali. Nikamuuliza unaumwa. Akasema, "Mama Seifu, Kibwana hakuiba."

"Umejuaje?"

"Nasikia. Injini inatangulia, gari linafuata nyuma. Mguu wako hautoki pale."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Sikuamini kwamba nina hasira nyingine iliyobaki, kumbe ninayo. Nikamwambia, ulikaa kwa balozi unasugua fimbo, unajua! Mtu anavunjiwa heshima mbele ya watoto wake, unajua! Akaniacha nikamaliza. Akasema, "Ningesema pale mbele yao, usingeshika usukani tena. Nani angeendesha? Na nyumbani kila nikitaka kusema nakuona umerudi umechoka, nasema kesho." Kisha akaongeza, na hapa hakuinua sauti, "Wewe nawe ulinyamaza. Yule binti wa mtungi, sikio lake. Macho yangu yana mtoto wa jicho, vidole havina."

Alijua. Alikigusa kile kinyago usiku ule ule, akalijua sikio, na akajua nimemwambia uongo. Miezi yote ile nilipokuwa nikimsimulia habari za wageni kupungua, alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, mke wangu, wamepungua." Yeye ananihurumia, mimi namhurumia, na mtu wa tatu akalipa. Tukakaa pale na ugali unapoa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumlaumu mwenzake.

Wiki ile nilijifunza kuendesha upya. Nilikuwa nikiondoa mguu kwenye pedeli naukanyagisha chini kwenye bati, nao unarudi wenyewe kama kuku wa kienyeji uliyemfukuza jikoni. Nilihisi nimekaa ukingoni mwa kisima. Baba yako pembeni hakunifundisha tena, alisikiliza tu, na safari hii alisema. "Umerudi," akisema hivyo nauondoa. "Umerudi tena." Nilimchukia mara nyingi kwenye barabara ile. Lakini sahani ile ya Kibwana ilidumu, mwanangu. Ilidumu mpaka ulipofika kidato cha nne.

Kibamba tulikwenda, mimi na baba yako, tukakuambia tunafuata muhogo. Njia nzima ya Morogoro nilikuwa najipangia maneno. Tulimkuta kando ya barabara anatengeneza baiskeli. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika marahaba bila kuinua uso, akaendelea kuziba pancha. Nikasema yote. Nikamwambia kosa ni mguu wangu, na kwamba nitakwenda kwa balozi nisimame pale pale niseme mbele ya wale wale.

Akajibu, "Sema, mama. Lakini mie nishahama. Watoto nishawaandikisha shule huku. Utanisafisha jina Gongo la Mboto, na mie nakaa Kibamba." Akamwambia mkewe atuletee maji ya kunywa. Tukanywa. Baba yako naye akamwomba radhi, akasema, "Mie nilisikia nikanyamaza." Kibwana akamtazama kwa muda mrefu zaidi ya alivyonitazama mimi. "Wewe ndiye uliyeniuma," akamwambia. "Mama alikuwa hajui."

Hakutukana. Ningependa angetukana. Kwa balozi nilikwenda, nikasimama, nikasema. Watu wakasikiliza kwa adabu, wakanisifu kwa ujasiri, kisha wakatawanyika. Kibanda cha mabati kilikuwa kimekwisha kuwa duka la mafuta ya taa. Nilidhani ukishasema kweli kitu kinarudi mahali pake. Hakikurudi.

Sasa nije kwenye haya ya leo.

Sahani iliyomo sasa si mpya. Mpya hazipatikani tena, hata mjomba wako amechoka kuuliza. Hii ni ya zamani iliyobandikwa ngozi upya, na nimeitunza kuliko nilivyowahi kutunza nguo ya Idi. Safari hii si mguu wangu, imechakaa kwa umri tu. Alhamisi nilikuwa napanda Pugu na mkaa, nikasikia injini imetangulia. Kidogo tu, mtu mwingine asingesikia. Nikatazama pembeni, baba yako amekwisha kuinua kichwa.

"Inateleza," akasema.

"Nasikia."

"Mwambie mtoto."

"Akishaondoka nitamwandikia."

"Mama Seifu."

"Nimesema akishaondoka!"

Tukafika mpaka karibu na nyumbani ndipo akauliza, taratibu, "Sie tena?" Nikageuza gari kuingia uani. Na asubuhi uliponiuliza wewe, yeye alikuwa kibarazani na alisikia nilivyokujibu. Hajanisemesha tangu hapo, ila ameomba chai.

Nitakueleza mambo yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Gari litakwenda kidogo kidogo bila mzigo, halafu siku moja halitakwenda. Inaweza kuwa wiki ijayo, inaweza kuwa mwezi. Sahani ikipatikana, vizuri, isipopatikana litakaa pale uani kuku walale ndani yake. Magogo hatutabeba, wala mkaa. Nina muhogo wangu ng'ambo ya reli. Nitapika vitumbua asubuhi nje ya geti la kambi, maana askari wanakula kila siku. Baba yako siku hizi anachonga vinu na miko kwa kupapasa, navyo havirudishwi kutoka dukani, kwa kuwa mwiko hauna sikio la kupanda. Tutabanana. Zitakuwapo siku za chai ya rangi na kulala. Hatutakufa, lakini hatutakuwa sawa pia, na nisingetaka uende huko ukifikiri tuko sawa.

Na nimechoka, Seifu. Mikono inauma asubuhi, mabega hayajawahi kupona ule usukani. Sikuambii ili unionee huruma. Nakuambia kwa kuwa umri wako sasa unafaa kujua mama yako anachoka.

Kuna jingine, hili ni gumu kuliko yote. Alhamisi ile gari lilipoteleza, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Nilisema, basi likifa hatakwenda, nitakuwa na mwanangu. Furaha hiyo ilikaa kidogo tu, lakini ilikaa. Nilipoiona niliingiwa na aibu, nikaamua utakwenda hata kwa uongo. Ndipo nikakujibu vile. Nilijiona nimefanya jambo la mama.

Mchana ulipokuwa umelala pale mkekani nikakutazama miguu ilivyopita ukingo wa mkeka. Nikajiuliza ni kitu gani hasa ninachokuhurumia. Wewe ndiye uliyetia gogo chini ya gurudumu wakati mimi na baba yako tumeganda vitini. Yeye alinihukumia kwamba sitaweza kuambiwa kweli. Mimi nikamhukumia yeye. Wote wawili tulikosea, tungeweza kabisa. Leo nimekuhukumia wewe, kwamba ukijua utashindwa kuondoka, na wala sijakupa nafasi ya kujaribu.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuiweka katikati ya nguo zako, uikute treni imekwisha kupita Morogoro. Ningekuwa nimesema, nawe usingeweza kurudi. Nimeifikiria sana hiyo. Ni mguu nusu tu, mwanangu, hakuna tofauti. Kwa hiyo nitakupa leo, mkononi, mara utakapoingia, kabla hata hujavua viatu. Ukae hapa jikoni usome mbele yangu. Baba yako nimekwisha kumwambia, nimetoka kuongea naye sasa hivi. Amesema nimuite na yeye, hataki kukaa kibarazani tena watu wakiulizwa.

Ukisema unabaki, sitakupiga wala sitakufukuza, lakini sitakushukuru. Nataka uende. Nataka kuwa na mtoto mwalimu, nataka uwasomeshe watoto wa watu huko, na nataka urudi likizo unisahihishie haya maandishi. Ukienda nitalia. Ukibaki nitalia zaidi, ila kwa kujificha, na nimechoka kujificha.

Nasikia mbwa wa Bi Mwanahawa wanabweka. Nadhani ni wewe.

Gari haliko sawa, Seifu. Nenda hivyo hivyo.

Mama yako